Kioo cha Saa Kumi na Mbili Jioni

Anayeishi Kimara au Mbezi na kufanya kazi mjini hulitazama jua usoni mara mbili kwa siku. Asubuhi Barabara ya Morogoro inamleta mashariki, na jua limesimama mbele yake, juu kidogo ya mapaa ya daladala. Jioni anageuza, na jua lile lile linamngoja upande wa Kibaha. Watu wa Kigamboni hawaijui adha hii. Wakija mjini jua liko mgongoni, wakirudi liko mgongoni. Sisi wa upande huu tunaendesha pikipiki tumekunja nyuso, machozi yanatutoka, na mkono mmoja unatamani kuachia usukani ukinge paji la uso. Kwa hiyo sikushangaa, nilipohamia Mbezi, kukuta kijiweni kwamba karibu kila helmeti yenye kioo, kioo chake ni cheusi.

Nami nikaenda kununua. Muuza spea alinitolea viwili, cheupe na cheusi, akavilaza juu ya kaunta. Cheupe kilikuwa kimepauka pale, kama kitu cha mtu asiyejua pikipiki. Cheusi kiling'aa, ukikiinamia unajiona mwenyewe. "Hiki ndicho chenyewe, kaka," akasema. "Mchana jua halikusumbui, usiku taa za magari hazikuchomi macho." Nikalipa, nikakifunga palepale. Nusu ya kwanza ya maneno yake ilikuwa kweli na niliifurahia siku hiyo hiyo. Nusu ya pili niliibeba miezi mitatu nikiiamini.

Ilikuwa kama saa moja na nusu usiku. Nimeshaacha lami, naingia mtaani kwetu, na gari lililokuwa likija mbele yangu lilikuwa limewasha ful. Halikunisumbua sana, nakumbuka hata nilikisifu kioo changu moyoni. Gari likapita. Kilichofuata ni madumu ya njano, sita au saba, mita chache mbele ya tairi langu, na kisigino cha mtu kikiinuka kukwepa. Mkokoteni wa maji. Nilikamata breki zote mbili, pikipiki ikalala ubavu, nikaenda nayo chini. Mtu sikumgusa. Goti langu lilichubuka na dumu moja likapasuka, maji yakatapakaa mchangani. Yule bwana alinisaidia kuinuka, akaitazama taa ya pikipiki iliyokuwa bado inawaka, akaniuliza, "Kaka, taa unayo, macho huna?"

Aliuliza kwa hasira, lakini lilikuwa swali la haki, na nimelitafutia jibu kwa muda mrefu.

Tuanze na hesabu, maana ni fupi na inaeleza mengi. Mwanga unaoangukia vitu hupimwa kwa luksi. Jua la saa sita mchana bila wingu hutoa takriban luksi 100,000. Siku ya mawingu hushuka mpaka 10,000 hivi, na mawingu yakiwa mazito hushuka zaidi. Chini ya taa za barabarani tunazungumzia luksi 10, labda 20 pale zilipo nzuri. Mwezi mpevu hutoa kama robo ya luksi moja. Sasa chukua kioo kinachopitisha robo ya mwanga. Saa sita mchana kinakuachia luksi 25,000, ambazo ni nyingi kuliko za siku ya mawingu, na sijamsikia dereva akilalamika kwamba siku ya mawingu haoni mbele. Chini ya taa ya barabarani kinakuachia mbili na nusu. Na kwenye mtaa usio na nguzo ya taa, unachokitegemea ni ule mwanga wa taa yako uliompiga mtu mwenye shati la kahawia ukarudi kwako. Ulikuwa mdogo tangu mwanzo, na robo tatu yake inaishia nje ya helmeti.

Wapo watakaosema kwamba robo tatu hiyo hiyo inaondolewa pia kwenye taa za magari, kwa hiyo mtu anapata nafuu. Hapo ndipo muuza spea alipokosea, nami pamoja naye. Kioo cheusi hakichagui. Taa ya gari inakuumiza kwa sababu ya tofauti kati yake na giza lililo kando yake. Ikiwa inang'aa mara elfu kuliko mkokoteni ulio nyuma yake, basi ukivaa kioo cheusi bado inang'aa mara elfu. Kioo kimevishusha vyote viwili kwa kiwango kimoja. Lakini taa hata ikipunguzwa robo tatu bado ni taa, unaiona ukiwa mbali. Mkokoteni ukipunguzwa robo tatu unaporomoka chini ya kile jicho linachoweza kudaka, na kwako ni kama haupo. Raha niliyoisikia usiku ule ilikuwa ya kweli kabisa, na ndiyo maana ilikuwa ya hatari: macho yalitulia, nikadhani kutulia ndiko kuona.

Nilipoanza kusoma habari za jicho ndipo nilipoelewa kwamba saa ambayo sisi wa hapa tunaitumia zaidi barabarani ndiyo mbaya kuliko zote. Nyuma ya jicho kuna seli za aina mbili zinazopokea mwanga. Za mchana ni kama milioni 6, zimesongamana zaidi katikati, nazo ndizo zinazotuonyesha rangi na maandishi madogo. Za usiku zinapita milioni 90, hazijui rangi, lakini zinaridhika na mwanga kidogo mno. Mahali pa katikati kabisa, pale tunapoelekeza kitu tunachotaka kukiona sawasawa, za usiku hazipo. Jaribu kutazama nyota hafifu: ukiikodolea inapotea, ukitazama kando kidogo inarudi.

Makabidhiano ya zamu kati ya seli hizi hayafanyiki kwa dakika moja. Ukitoka kwenye mwanga mkali, zile za usiku zinahitaji dakika 20 hadi 30 kufikia uwezo wao. Kwa mtu wa London mwezi Juni si neno. Kuanzia jua kuzama mpaka giza linapoingia hasa anapewa karibu dakika 45, na macho yanaenda taratibu pamoja na mbingu. Kwetu jua linashuka karibu wima. Dar es Salaam, muda kati ya jua kuzama na mwisho wa ule mwanga wa magharibi unaotosha kazi za nje ni dakika 22 hivi. Jua linapozama pana luksi kama 400, na dakika 22 baadaye zimebaki 3 na kitu. Ukigawanya vizuri utakuta kwamba, kwa wastani, kila dakika sita mwanga unapungua mpaka robo. Kwa hiyo mwenye kioo cha robo yuko dakika sita mbele ya wenzake. Wao wako jioni, yeye ameshaingia usiku, na macho yake bado ni ya mchana. Giza linapotimia kwa wote, kwake luksi hazifiki hata moja.

Mwanasayansi wa Bohemia, Jan Evangelista Purkyně, aliona mapema katika karne ya 19 kwamba mwanga unapofifia rangi nyekundu ndiyo inayozimika mwanzo, wakati buluu na kijani bado zinaonekana. Huhitaji maabara kulithibitisha hilo. Kaa barazani saa 12 na nusu jioni, utazame kanga nyekundu iliyoanikwa karibu na majani ya mgomba. Mchana kanga ndiyo inayopiga kelele. Giza likianza inageuka kuwa kitu cheusi, na majani bado unayaona. Sasa mvishe kanga ile mama anayevuka barabara Kimara Mwisho, na dereva anayemjia umvishe kioo cheusi.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi vijiweni kwa kuwa vijiwe ni vya vijana. Mboni hupungua uwezo wa kupanuka kadiri mtu anavyozeeka, na lenzi ya jicho inaingia umanjano. Mtu wa miaka 60 hupata ndani ya jicho lake karibu theluthi moja tu ya mwanga anaoupata kijana wa miaka 20 mahali palepale. Tunao wazee kadhaa wanaoendesha bodaboda, watu wazima waliostaafu kazi nyingine, na wanavaa helmeti za vijana wao. Theluthi mara robo ni moja ya kumi na mbili. Mzee wangu mmoja aliponiambia kwamba siku hizi usiku "umekuwa mzito", nilimwomba helmeti yake niitazame. Kioo kilikuwa cheusi tii.

Nitasema sasa jambo ambalo naliona kubwa kuliko weusi wenyewe. Hao wanaolalamika kwamba taa za magari zinawachoma, wengi tatizo lao ni mikwaruzo. Chukua helmeti ya mtu anayefanya kazi kila siku, uiinue usiku kuelekea taa ya dukani. Utaona taa imeota miale pande zote kama nyota ya kwenye kadi, na kuizunguka kuna utando mweupe. Kila mkwaruzo unaudaka mwanga na kuutawanya, na ule utando ndio unaomfunika mtu aliye kando ya barabara. Kioo cheusi hakiondoi mikwaruzo. Mchana kinaificha, usiku iko palepale.

Na mikwaruzo tunaitia wenyewe. Vioo vizuri vinatengenezwa kwa polikaboneti, plastiki iliyogunduliwa mwaka 1953 na watu wawili wasiojuana, Hermann Schnell wa Bayer huko Ujerumani na Daniel Fox wa General Electric huko Marekani. Ni ngumu ajabu kuvunjika. Jiwe lililorushwa na tairi la lori litagonga na kudunda. Lakini uso wake ni laini, na mchanga ni mgumu. Nimetazama kijiweni jinsi tunavyofuta vioo asubuhi: kitambaa kikavu kilichofutia tangi, au mkono wa jaketi, duara, duara, duara. Kila duara ni chembe za mchanga zinazoburuzwa juu ya kioo. Wengine wanatia petroli ili uchafu utoke haraka, na petroli ndiyo adui mkubwa wa plastiki hii. Inaipasua kwa nyufa ndogondogo ambazo hutaziona mpaka gari likumulike. Dawa ni maji. Lowesha kitambaa safi, kiache juu ya kioo dakika tano ili vumbi na wadudu walainike, kisha osha kwa mkono na sabuni ya kawaida kidogo, suuza, na uache kikauke. Kioo kikishachakaa, kitupe. Kijiweni kwetu bei ya kioo cheupe haifiki hesabu ya siku mbili anayopeleka mtu kwa bosi wake.

Polikaboneti ina sifa nyingine inayopaswa kumtoa mtu hofu. Hata ikiwa nyeupe kabisa, inazuia karibu mionzi yote ya jua isiyoonekana, ile inayochangia nyama kuota juu ya jicho, ugonjwa unaowapata sana watu wa juani na wa vumbini. Weusi unazuia mwanga unaoonekana, na hilo ni suala la starehe. Kinga ya jicho imo ndani ya plastiki yenyewe, na cheupe kinayo.

Waliotunga sheria za vioo hivi waliyafikiria mambo haya zamani. Kanuni namba 22 ya Umoja wa Mataifa kuhusu helmeti, iliyoanza kutumika mwaka 1972 na kufanyiwa marekebisho mara kadhaa, ndiyo inayoleta ile herufi E ndani ya duara, yenye namba ya nchi iliyoidhinisha: 1 ni Ujerumani, 3 ni Italia, 11 ni Uingereza. Katika toleo lake la 05, ambalo helmeti nyingi bado zinalibeba, kioo cha kuvaa wakati wote sharti kipitishe angalau asilimia 80 ya mwanga. Cha kati ya asilimia 50 na 80 kinaruhusiwa, lakini lazima kiwe na alama inayosema ni cha mchana tu. Chini ya 50 hakipiti, na kwa Waingereza kukivaa barabarani ni kosa. Vingi vinavyouzwa mitaani kwetu, vile ambavyo ukivitazama unajiona mwenyewe, viko chini sana ya hapo. Ukitaka kujua, usiitegemee stika ya nyuma ya helmeti, maana stika huchapishwa popote. Tafuta maandishi madogo kwenye ukingo wa kioo chenyewe, karibu na bawaba. Kioo kisicho na maandishi yoyote kimejieleza.

Na kama maandishi hayapo, kuna kipimo cha nyumbani. Jua likizama tu, kaa nje na gazeti, ulisome kwa macho matupu, kisha shusha kioo mbele ya ukurasa. Kama vichwa vya habari bado unavisoma na maandishi ya kawaida yamepotea, fikiria kwamba mtu anayevuka barabara ni maandishi ya kawaida. Ukiwa pia unavaa miwani ya jua ndani ya helmeti, jaribu navyo vyote kwa pamoja. Kioo cha nusu na miwani ya robo haviachi robo tatu wala nusu, vinaacha moja ya nane.

Vipo pia vioo vya njano, ambavyo kwa miaka ya karibuni vimeshika soko kwa jina la vioo vya usiku. Ukivaa, dunia inaonekana kama imewashwa taa, na ni rahisi kuamini. Mwaka 2019 watafiti wa Schepens Eye Research Institute ya Boston walichapisha jaribio walilolifanya kwa madereva katika mtambo wa kuigiza uendeshaji wa usiku, pakiwa na taa za magari yanayokuja. Miwani ya njano haikuwasaidia kuwaona watembea kwa miguu mapema zaidi. Njano nayo inakata mwanga; imekata tu kwa sura ya kupendeza.

Najua linalokuja: sasa tufanyeje na jua la Kibaha? Nalijua jua hilo, nami sitamwambia mtu alivumilie, kwa sababu anayeendesha amefumba macho nusu naye haoni. Tena wengi wakishindwa na giza la kioo hukipandisha juu, wakaendesha uso wazi. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa unakwenda mita 14 kila sekunde, na baada ya mvua za kwanza, kumbikumbi wanapotoka kufuata taa, mmoja tu akiingia jichoni unaendesha kipofu kwa mita hizo kumi na nne na nyingine nyingi.

Helmeti zenye kioo cha pili kidogo cheusi, kinachoteremshwa kwa kitufe cha pembeni, ndizo ninazozipenda kuliko zote. Ukiingia kivulini chini ya daraja la juu la Kijazi pale Ubungo, kidole kimoja kinakipandisha, na kioo cheupe cha nje hakijasogea. Vipo vioo vinavyojigeuza vyenyewe, vyeusi juani na vyeupe kivulini, lakini vinachelewa kurudi kuwa vyeupe, na bei yake si ya kijiweni. Njia rahisi kuliko zote nilionyeshwa na kijana mmoja wa kituo cha Kibamba. Alikuwa amebandika selotepu nyeusi ya mafundi umeme juu kabisa ya kioo cheupe, utepe wa upana wa vidole viwili, kutoka bawaba mpaka bawaba. Waendeshaji wa mashindano ya magari na pikipiki hufanya hivyo miaka yote. Ukiendesha kawaida huuoni. Jua likikuingia unainamisha kidevu kidogo tu, utepe unalifunika, na barabara yote chini yake iko nyeupe. "Nikiinama jua linakufa, nikiinuka nafufuka," alinieleza akicheka. Utepe uwe mwembamba, usikufichie taa za barabarani, basi.

Mimi bado ninacho kile cheusi. Jioni nikitoka kazini nakifunga, na saa 12 na robo, popote nilipo, naegesha pembeni. Mara nyingi inakuwa Kimara Temboni. Bawaba mbili, bonyeza kulia, bonyeza kushoto, kinatoka. Kinaingia ndani ya soksi nene ili kisikwaruzwe, soksi inaingia kwenye begi, cheupe kinakaa mahali pake. Haifiki dakika moja. Ukikishusha kile cheupe barabara inafunguka ghafla, na unashangaa kilichokuwa kimefichika pale mita chache zilizopita: tuta ambalo halijapakwa rangi, kiatu cha mtoto, mbwa aliyelala.

Yule bwana wa maji tunakutana karibu kila jioni. Dumu lake nililipa siku ya pili yake, na sasa ananiita jirani. Kwenye mtaa wetu kuna nguzo tatu za umeme zisizo na taa kati ya kona na kisima, na madumu yake ya njano nayaona tangu nikiwa kwenye ya kwanza.